Chupa Nyuma ya Mablanketi

Mimi si mtu wa wivu. Nilisema wiki ya kwanza ya simulizi hii, nasema tena leo wiki ya sita, na anayebisha aje saluni nimnyoe bure, ila masikio yake ayaache nyumbani.

Wivu ni ugonjwa wa watu wasiojiamini. Mimi nilikuwa nakusanya ushahidi tu. Niliukusanya miezi mitatu: nyuma ya pazia, juu ya ngazi ya fundi rangi, na mara moja nikiwa nimejikunja chini ya meza ya kupigia pasi. Mwenye wivu angefanya makubwa zaidi ya hayo.

Aliyenikuta njiani nimpe habari kwa ufupi, wengine mnivumilie.

Mimi ni kinyozi. Saluni yetu ni chumba kimoja chenye pande mbili. Viti viwili vya mlangoni ni vyangu, vya wanaume. Upande wa ndani, penye kioo kirefu, ni wa msusi tunayemwita Dada Kaza, kwa sababu akikusuka unatoka nyusi zimepanda, na kufumba macho unafumba kesho kutwa. Mke wangu ni mteja wake tangu usichana. Kazi yake mke wangu ni ualimu wa chekechea.

Ng'ambo ya barabara kuna studio ya Mpiga Picha. Kijana mtanashati, mpole, hana mke. Hizo sifa tatu zikikaa kwenye mwili mmoja, tena mkabala na mlango wako, mtu unaanza kuhesabu.

Kwanza nilihesabu nywele. Kwenye ukosi wa gauni la mke wangu niliokota vinywele vifupi vyeusi, urefu wa mashine namba mbili. Mke wangu husuka nywele ndefu. Mimi wakati ule nilikuwa najinyoa kwa wembe, ili kipara cha mkono kifiche kipara cha Mungu. Sasa namba mbili mtaani kwetu ni ya nani? Ya Mpiga Picha. Namnyoa mwenyewe kila Jumamosi, kwa mikono yangu hii.

Kisha kilemba. Mke wangu alianza kulala na kilemba kichwani. Nikiuliza, baridi. Baridi gani, shuka tunalitupa miguuni kwa joto. Halafu Alhamisi moja pazia la studio likaachwa wazi kidogo, nikamwona kwa macho yangu ameketi kwenye kigoda, anakifungua kile kilemba mbele ya Mpiga Picha. Mimi niliyemwoa utosi wake nilikuwa nausikia tu, kama habari za nje.

Nikitaja mtoto, ananiambia tusubiri kidogo. Nikiuliza kidogo ni lini, anaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Na mwisho kabisa, wiki hiyohiyo, nyuma ya mablanketi, juu ya kabati letu, nikaikuta chupa nyeupe yenye kidondoshi, kile kijibomba cha kutolea matone. Kasha lake lilikuwa na picha ya mwanamume: kushoto ana upara, kulia ana msitu. Dawa ya kuotesha nywele. Na Mpiga Picha, kwa mnaokumbuka, paji lake lilikuwa limeanza kupanda mlima.

Kilichoniuma si mapenzi peke yake, wasomaji wangu. Kiliniuma kile kipara. Mimi mumewe nina utosi kama sahani iliyolambwa, na sijawahi kununuliwa hata kitana. Leo anaonea huruma paji la jirani. Kama huruma ya vipara ipo ndani ya nyumba, mbona mwenyeji hajapewa?

Wiki jana niliwaacha nikiwa juu ya kiti, chupa mkononi, nikisikia hodi mlangoni. Hakuwa mke wangu. Alikuwa jirani anaazima pasi. Nikampa pasi, nikarudi juu ya kiti, nikafanya lile nililolidokeza.

Dawa yote niliimimina kwenye chupa tupu ya losheni yangu ya mnanaa, ile ninayowapaka wateja shingoni baada ya kunyoa. Chupa ya mke wangu nikaijaza spiriti na maji, na tone la gliserini ili inate kidogo vidoleni. Nikairudisha nyuma ya mablanketi, uso umeelekea palepale ulipoelekea. Nikasema moyoni: mpelekee sasa. Apake spiriti mpaka Mungu arudi.

Kila chupa ilipokwisha akaleta nyingine, na kila iliyokuja niliikaribisha vivyo hivyo.

Na dawa yenyewe je, niimwage? Dhambi. Kila asubuhi kabla ya wateja nilisimama mgongo barabarani, nikajidondoshea utosini matone, kwa kidondoshi nilichonunua, kama karatasi ya dawa inavyoelekeza. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hawakusema kama anaruhusiwa kujiotesha.

Wembe niliuacha, na wiki za mwanzo hata zile nywele chache za pembeni zilianza kudondoka. Nikadhani Mungu amejibu upesi. Nikaisoma tena ile karatasi: zinadondoka za zamani ili kupisha mpya, usikate tamaa, endelea miezi minne. Nikaendelea. Mwezi wa pili nikaona manyoya kama ya kifaranga. Mwezi wa tatu nikaanza kutembea kichwa wazi hata palipo na jua.

Wateja wakauliza siri. Nikawaambia maji ya kitunguu. Mtaa ulinuka kitunguu wiki mbili, na walioota ni wale tu ambao hawakuwa na upara.

Mke wangu naye aliona. Jioni moja alinipitisha kiganja utosini, akaniambia taratibu, "Wewe zinarudi." Akaondoka akajifungia bafuni. Maji yalichuruzika muda mrefu. Mimi nikajilaza kwenye kochi, miguu juu, nikajisemea dhamira inamsuta.

Basi. Hapo ndipo tulipofika. Sasa tuingie Alhamisi.

Ilikuwa kama saa saba mchana. Kwenye kiti changu alikuwa karani mstaafu, nusu kichwa tayari, nusu bado. Wawili walikuwa wakisubiri kwenye benchi. Upande wa ndani Dada Kaza alikuwa amemshika binti mmoja kichwa, anavuta, na binti anatazama dari kama anayesoma ubao wa mbali.

Mpiga Picha akaingia na bahasha ya kaki.

Akasalimia wote, akaniomba radhi kwa kunikatiza, akasema anakwenda kupiga picha za wahitimu na hatarudi mapema. Kisha akanyoosha mkono. "Ni zile picha za shemeji. Amesema leo mnakwenda wote, nikaona nikupe wewe."

Zile picha za shemeji. Maneno manne, na kila moja lilikuwa na mwiba wake. Zile, maana zinajulikana. Picha, maana alikaa zikapigwa. Za shemeji, na shemeji mwenyewe ana mume, mume ana mashine mkononi inayonguruma.

Hilo la kwenda wote sikulielewa, wala sikutaka. Nilizima mashine. Nikaichana bahasha mbele ya kadamnasi. Nilitaka karani mstaafu aone, benchi lione, Dada Kaza aone, ili siku ya kesi nisikose mashahidi.

Ndani kulikuwa na picha tatu. Uso haukuwamo hata mmoja. Zilikuwa picha za kichwa, zimepigwa kutoka juu, na nyuma ya kila moja imeandikwa kwa kalamu: mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tatu.

Kichwa chenyewe, maskini. Njia ya katikati pana kama imepitishwa bomba la maji. Juu ya paji na mbele ya masikio ngozi tupu inayong'aa, na vinywele vichache vifupi vimesimama mbalimbali kama wageni wasiojuana.

Nikacheka. Nilicheka kwa nafuu, na nafuu ya mtu aliyekuwa anaungua haina adabu. Hakuwa mke wangu. Ilikuwa picha ya mzee fulani, bahasha zimechanganywa.

Basi nikafanya ninachokifanya kila Jumamosi, ndicho kinachowaleta watu saluni kwangu kuliko mashine. Nikainua picha juu, nikaanza kusoma kichwa. Nikawaambia huyu ni mzee wa miaka sitini na mitano, ana wake wawili, na wakigombana kila mmoja humshika upande wake. Nikasema utosi huu ukimwagiwa maji yanafika kisogoni bila kuuliza njia. Nikasema nzi akitua hapa lazima avae viatu vya kamba, atateleza.

Karani mstaafu alicheka mpaka kitambaa cha shingoni kikafunguka. Benchi likapokezana zile picha, wakanirudishia na nyongeza zao.

Mpiga Picha hakucheka. Dada Kaza naye alikuwa ameacha kusuka, vidole vimebaki hewani.

Mpiga Picha akanijia karibu, akanishika kiwiko. Akaniambia niangalie sikio.

Kwenye picha ya mwezi wa tatu, pembeni chini, sikio lilikuwa limeingia kidogo. Lilikuwa na hereni ya shaba yenye umbo la jani, ncha yake imepinda. Niliipinda mimi, kwa koleo, siku ilipolegea, mwaka wetu wa kwanza wa ndoa.

"Ni kichwa cha mkeo," Mpiga Picha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, asisikie mtu. "Nilidhani amekwisha kukuambia."

Karani mstaafu aliuliza kama huyo mzee nimemfahamu. Nikamwambia ndiyo, nimemfahamu.

Mpiga Picha alinitoa nje, akanieleza tukiwa tumesimama kando ya mtaro. Hakunisuta, laiti angenisuta. Mke wangu alikuwa anatibiwa kwa daktari wa ngozi. Daktari alitaka kila mwezi picha moja, mwanga uleule, kigoda kilekile, ili walinganishe kama dawa inafanya kazi. Haikufanya. Mwezi huu mke wangu alipotazama ya tatu alikaa pale studio akalia, mpaka yeye akafunga mlango na kuwaambia wateja umeme umekatika.

Na ile dawa ya kwenye kasha lenye mwanamume? Nilimuuliza kana kwamba sijui. Akasema duka la dawa halikuwa na nyingine. Daktari alimwambia ni dawa hiyohiyo, kwake atapaka mara moja kwa siku badala ya mbili.

Ushahidi wangu wote ulianguka palepale mtaroni, kipande kwa kipande. Vinywele vya namba mbili vilikuwa vya mke wangu mwenyewe, vinakatika kabla havijarefuka. Kilemba kilikuwa aibu, na chupa ilikuwa yake.

Mngedhani wivu uliondoka hapo. Haukuondoka, ulihama. Nilimtazama yule kijana na paji lake la kupanda mlima, nikamwonea wivu mpya, mchungu kuliko ule wa zamani. Mke wangu alikuwa na siri moja maishani, na alimwonyesha yeye. Yeye ndiye aliyefunga mlango akampa leso. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara nauza hadithi za kitunguu.

Saa nane ilikuwa imefika. Mpiga Picha alisema saa tisa mke wangu anakwenda kwa daktari.

Mtu mwenye akili angekwenda chekechea, angemwita pembeni, angesema. Mimi nikafanya kama vinyozi tunavyofanya. Ukimkosea mteja kisogoni, humwambii. Unarekebisha upesi kabla hujampa kioo.

Nikammaliza karani nusu iliyobaki, sijui vipi. Nikachukua chupa ya losheni kwenye droo, nikakimbia nyumbani. Nikapanda kiti, nikatoa chupa nyuma ya mablanketi, nikaimwaga spiriti yangu kwenye sinki, nikamimina dawa ya kweli mpaka alama ileile aliyokuwa ameifikia. Nikafuta kidondoshi kwa shati. Nikarudisha.

Nilikuwa bado nasogeza kiti mahali pake alipoingia.

Hakuuliza kwa nini niko nyumbani. Aliketi kitandani na viatu vyake vya kazini, chaki kwenye mkono wa gauni, akaniomba niketi. Akasema leo anataka twende wote mahali, ila kwanza anionyeshe kitu. Na akaniomba, kabla ya kitu chochote, nisicheke.

"Sitacheka," nikasema.

Akafungua kilemba.

Niliwahi kushika vichwa vyenye majipu, vyenye mabaka, vyenye makovu ya chupa. Sijawahi kuogopa kichwa kama nilivyoogopa kile. Kwenye picha kilikuwa kichekesho. Hapa kilikuwa na macho chini yake, yananitazama yaone nitafanya nini.

Akaeleza alivyoanza kuona zinabaki kwenye mto. Akaeleza daktari wa kwanza alivyompima damu, akampima tezi ya shingoni, vyote vizima. Wa ngozi ndiye aliyeona. Nywele zimevutwa miaka mingi mno, kuanzia siku za shule, misuko ya kubana, nywele bandia nzito juu yake, dawa za kulainisha katikati. Mizizi imechoka. Alimwambia asishike mimba wakati anapaka ile dawa, ndiyo maana alikuwa ananiambia tusubiri. Miezi yote mitatu amesubiri, na hakuna hata unywele mmoja.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Swali la kijinga, lakini lilinitoka.

"Wewe kichwa cha mtu hukionei haya," akasema. "Ulimtania mama yangu mbele ya wageni, ukasema ndege zinaweza kutua utosini pake. Mama alicheka kwa sababu ni mkwe wako, afanyeje. Mimi niliogopa kuwa kichekesho cha Jumamosi."

Ilikuwa Alhamisi. Sikumsahihisha.

"Wiki hii mtoto mmoja darasani alinivuta kilemba," akaendelea. "Akaniuliza, Mwalimu, nani amekunyoa vibaya hapa? Nikamwambia mume wangu, yeye ni kinyozi. Darasa zima likasema pole Mwalimu."

Alitabasamu aliposema hivyo, alitaka tucheke wote kidogo. Sikuweza. Akanishika mkono, akaniambia asante.

Pale, wasomaji, pale kitandani, mlango ulikuwa wazi mpana. Sentensi moja tu. Nilifungua mdomo, nikasema twende tusichelewe.

Tulipofika kliniki tulimkuta Dada Kaza kwenye benchi, kavaa nguo za kutokea. Kumbe mke wangu alimwomba aje, daktari alitaka kuonana na mtu anayemsuka. Dada Kaza alinitazama nikiingia, akatazama kilemba cha mke wangu, asiseme lolote juu ya zile picha. Nikamshukuru moyoni. Nilimshukuru mapema.

Daktari alikuwa mwanamume, tena nywele zake zimejaa kama brashi mpya. Vidole vyake vilipopita kwenye utosi wa mke wangu, hata katika saa ile, nilisikia kitu kikinikwaruza kifuani. Alikuwa anamgusa pale ambapo mimi sikuwa nimegusa mwaka mzima, na mke wangu alikuwa amefumba macho kwa imani.

Daktari alianza na Dada Kaza. Alimwambia bila ukali kwamba msuko haupaswi kuuma. Ukiuma siku ya kwanza, mzizi unalia. Ukiona vipele vyeupe kando ya paji, umelia muda mrefu. Dada Kaza akajitetea kwamba wateja wenyewe ndio wanaosema kaza, usipokaza wanahamia kwingine. Daktari akasema anajua, lakini vichwa vinavyokuja kwake ni vile vilivyokazwa. Dada Kaza akabana midomo kuliko msuko.

Kisha daktari akaeleza hali ilivyo. Mizizi ikichoka tu, hupumzishwa, hupewa dawa, na baada ya miezi mitatu minne walau vinywele vya kwanza huonekana. Hapa havijaonekana kabisa. Basi huenda mizizi imekufa na kugeuka kovu, au kuna ugonjwa mwingine umejificha. Hakuna njia ya kujua ila kukata kipande kidogo cha ngozi ya kichwa, kama punje ya mchele, kikapimwe. Sindano ya ganzi, nyuzi mbili. Ikiwa ni kovu, dawa wataiacha, na sehemu hiyo haitaota tena.

Mke wangu akauliza swali moja tu. Kama ni kovu, ile miezi aliyoahirisha mtoto ilikuwa ya bure?

Daktari akaomba kwanza aione ile dawa, kwa sababu siku hizi bandia ni nyingi.

Mke wangu akatoa chupa mkobani. Daktari akadondosha tone kiganjani, akasugua kwa kidole, akalipuliza, akatazama linavyokauka na kuacha weupe. Akasema dawa ni yenyewe. Ina harufu ya mnanaa ambayo hakuizoea, pengine kiwanda kimeongeza manukato. Lakini ni yenyewe.

Ndipo nilipouona ujinga wangu ukiwa umesimama wima. Ningeiacha spiriti yangu mle ndani, daktari angeigundua kwa tone moja. Angesema hii si dawa, mama, anza upya, mizizi yako huenda ni mizima. Hakuna ambaye angekatwa. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu ya kurekebisha, nilikuwa nimefuta kitu pekee ambacho kingemwokoa.

Sasa aliyebaki kumwokoa ni mdomo wangu.

Muuguzi akaleta sinia: sindano, kijichuma chenye tundu, pamba. Daktari akavuta taa ya mkono mrefu, akaishusha juu ya kichwa cha mke wangu. Mke wangu akanipa kilemba chake.

"Nishikie," akasema. "Usiende mbali."

Nilikishika. Kilikuwa bado na joto la kichwa chake. Nikajiambia nitasema sindano ikigusa. Kisha nikajiambia ganzi haidhuru mtu, nitasema baada ya ganzi. Nilikuwa najipangia tarehe kama mtu anayekwepa jino.

Dada Kaza alikuwa kwenye kiti cha pembeni, na chupa ilikuwa mezani karibu naye. Akaichukua, pengine kwa kukosa cha kushika. Akafungua. Akanusa.

Akanusa tena.

"Fundi," akasema, "hii si ile unayojidondoshea utosini kila asubuhi?"

Nikamwambia mnanaa uko kila mahali, hata kwenye peremende.

"Mnanaa sawa," akasema. "Ila nimekuona na kidondoshi. Unageuka mgongo barabarani, unadhani umejificha, kumbe unakuwa umenigeukia mimi. Kioo changu kinakuchukua mpaka kiunoni. Miezi mitatu nimekuwa nikijiuliza tangu lini losheni ya shingo hupakwa utosini, tena kwa matone ya kuhesabu."

Aliyasema polepole, bila furaha yoyote, kama mtu anayefumua msuko. Daktari alikuwa ameinua sindano, tone dogo linaning'inia nchani.

Mke wangu aligeuza shingo chini ya ile taa. Macho yake hayakusimama usoni pangu. Yalipanda polepole, yakapita paji, yakafika pale manyoya yangu mapya yanapoanzia. Yakatulia hapo.

Nilitaka kusema utani wowote. Kwa mara ya kwanza maishani sikuupata.

"Daktari," akasema, "weka sindano chini. Mwangalie huyu kwanza."

Daktari akaushika mkono wa ile taa, akaigeuzia utosi wangu.